Mkia wa Noti

Mtu akikuita chemba amekuita pembeni, ili mzungumze yale yasiyohitaji kusikiwa na umati. Ndiyo maana napenda kuuita muziki wa chemba kwa jina hilo hilo, bila kulitafutia jingine. Ni muziki uliotungwa kwa wapigaji wachache, kila mmoja akiwa na sauti yake peke yake na bila kondakta wa kuwaongoza: fidla mbili, viola na selo katika kwarteti, piano, fidla na selo katika trio, na mara nyingine selo ya pili hujiunga na kwarteti ikapatikana kwinteti. Hapo hapana pa kujificha. Katika okestra mpiga fidla mmoja akisita, wenzake humfunika. Katika kwarteti hata pumzi anayoivuta kabla ya kuanza husikika, na pumzi hiyo ni sehemu ya muziki.

Kwa muda mrefu nimekuwa mpenzi wa rekodi kongwe za muziki huu, hasa zile za kati ya mwaka 1925, maikrofoni ilipoanza kuchukua nafasi ya tarumbeta la kurekodia, ile faneli kubwa iliyokusanya sauti bila umeme, na miaka ya 1950. Siku hizi nazisikiliza zikiwa zimesafishwa upya, kazi ambayo mafundi sauti huiita rimasta. Kadiri nilivyolinganisha matoleo tofauti ya rekodi ile ile, ndivyo nilivyozidi kuacha kujali ni kelele kiasi gani imeondolewa. Ninachotegea sikio ni mkia wa noti, yaani ile nusu sekunde ambapo upinde umekwisha kuinuka juu ya uzi, na sauti inasafiri hadi ukutani, inarudi, inazimika. Fundi aliyeihifadhi nusu sekunde hiyo amekihifadhi chumba kizima. Aliyeikata ametuletea wapigaji walioketi mahali pasipo na hewa.

Jambo hili nilifundishwa na rekodi moja. Mwaka 1825 mtunzi Beethoven aliugua sana, na alipopata nafuu akaimalizia kwarteti ambayo leo inajulikana kwa namba ya opus, yaani namba ya kazi katika orodha ya mtunzi, 132. Sehemu yake ya katikati aliipa kichwa kirefu cha Kijerumani kinachosema kwamba huu ni wimbo mtakatifu wa shukrani kwa Mungu, kutoka kwa mtu aliyepona. Ni muziki wa polepole mno. Vyombo vinne vinashikilia noti ndefu kama watu wanaosali kwa pamoja, kisha mara mbili inaingia sehemu iliyochangamka ambayo juu yake mtunzi ameandika kwamba sasa anahisi nguvu mpya. Mnamo Oktoba 1937 kwarteti ya Adolf Busch iliirekodi jijini London: Busch mwenyewe na Gösta Andreasson kwenye fidla, Karl Doktor kwenye viola, na Hermann Busch, mdogo wake Adolf, kwenye selo. Busch alikuwa Mjerumani ambaye tangu mwaka 1933 alikataa kupiga muziki katika nchi yake chini ya utawala wa Hitler, ingawa yeye mwenyewe hakuwa Myahudi, na ninapomsikia katika wimbo huu wa shukrani siwezi kulisahau hilo.

Toleo la kwanza nililolipata lilikuwa safi kama maji yaliyochujwa. Hapakuwa na mchakacho wa sindano wala kutatarika kwa aina yoyote. Nilifurahi kwa dakika mbili, kisha nikaanza kuchoka bila kujua sababu. Noti za Busch zilianza vizuri na kwisha ghafla, kana kwamba kuna mtu aliyekuwa akifunga mlango baada ya kila kifungu. Fidla mbili zilifanana mno. Na pale wanne wote wanapopunguza sauti hadi kuwa mnong'ono, ulitokea mlio mdogo wa kimajimaji, kama kitu kinachobubujika kwa mbali. Miezi kadhaa baadaye nikapata toleo jingine la rekodi hiyo hiyo, lililofanywa na fundi mwingine. Lilianza na mvumo, ule mvumo mwembamba wa sahani inayozunguka, na nilipousikia nilivunjika moyo kidogo. Upinde wa kwanza ulipogusa uzi, mvumo ukanitoka akilini. Fidla ya pili ilikuwa na rangi yake, nzito kidogo kuliko ya kwanza. Selo ilikuwa na mwili. Na kati ya kifungu na kifungu palikuwa na hewa, ile hewa ya chumba chenye watu wanne wanaosubiriana. Nilikuwa nimeisikiliza rekodi hii mara nyingi bila kujua kwamba Busch hulegeza upinde mwishoni mwa sentensi yake ya muziki kama mtu anayeshusha mzigo wa thamani mezani kwa mikono miwili.

Ili kuelewa ni vipi kitu kimoja kinaweza kutoa matokeo mawili yaliyotofautiana kiasi hicho, inafaa kuijua santuri yenyewe. Sahani za wakati huo zilitengenezwa kwa sheleki, utomvu wa wadudu wadogo ambao pia hutumika kutengenezea lakiri, ukiwa umechanganywa na unga wa mawe. Unga huo ulitiwa kwa makusudi. Sindano za gramafoni zilikuwa za chuma na zilikandamiza kwa uzito mkubwa, kwa hiyo unga uliisaga ncha ya sindano haraka mpaka ikalingana na umbo la mfereji, ule mchoro mwembamba uliobeba sauti kwenye sahani, ili sindano isije ikausaga mfereji wenyewe. Kwa sababu hiyo sindano ilibadilishwa kila baada ya upande mmoja. Mvumo tunaousikia leo ni sauti ya unga ule wa mawe ukipita chini ya sindano, na umekaa ndani ya mfereji ule ule uliobeba fidla ya Busch. Kuvitenganisha viwili hivyo ni kama kutenganisha maji na chumvi iliyokwisha kuyeyuka.

Mafundi wazuri huanza kazi kabla ya kuigusa kompyuta. Muziki wa wakati ule ulichongwa kwanza kwenye nta, nta ikapakwa madini ikazaa kinyume chake cha chuma, na kutoka hapo vikatolewa vyuma vingine hadi kile kilichogandamiza sahani za kuuzwa. Pale vyuma hivyo vilipohifadhiwa, vinaweza kugandamiziwa sahani mpya ya plastiki isiyo na unga, na sehemu kubwa ya mvumo ikawa haijazaliwa kabisa. Pale vilipopotea, fundi hutafuta nakala mbili, tatu au zaidi za sahani ile ile, huzilinganisha, na huchagua upande mmoja kutoka nakala hii na mwingine kutoka ile. Huziosha kwa maji na sabuni nyepesi, kamwe si kwa spiriti, kwa kuwa spiriti huiyeyusha sheleki. Kisha hujaribu sindano za upana mbalimbali. Sindano za zamani zilipita sehemu moja ya ukuta wa mfereji na kuila. Sindano ya leo iliyo nene kidogo au nyembamba kidogo inaweza kugusa sehemu ambayo haijawahi kuguswa tangu sahani itoke kiwandani. Nikifikiria kwamba sehemu ndogo mno ya milimita ya ukuta ambao haujaliwa inaweza kuturudishia viola ya Karl Doktor, napata heshima kubwa kwa watu wenye subira ya kuitafuta.

Halafu kuna mwendo. Tumezoea kusema kwamba sahani hizi huzunguka mara 78 kwa dakika, lakini studio hazikuufuata mwendo huo kwa ukamilifu, hasa katika miaka ya mwanzo, na zipo sahani zilizorekodiwa kwa mizunguko 74 au 76, na nyingine kwa zaidi ya 80. Sahani iliyorekodiwa kwa 74 ikipigwa kwa 78, muziki unakwenda haraka kwa zaidi ya asilimia 5 na sauti zote zinapanda karibu nusu toni. Kwa muziki wa chemba madhara yake ni makubwa kuliko mtu anavyodhani. Selo inapoteza umri wake, na mtetemo wa kidole juu ya uzi unakuwa wa haraka, wa wasiwasi. Kwa muda niliamini kwamba wapigaji wa miaka ya 1920 walikuwa watu wa pupa. Nilipozisikia rekodi zao chache zikiwa zimerudishwa kwenye mwendo wake, niliona kwamba nyingi ya pupa ile ilikuwa ya mashine.

Lililo gumu zaidi kwangu kulifikiria ni mipaka ya muda. Upande mmoja wa sahani ya inchi 12 ulibeba dakika 4 hadi 5 tu. Wimbo wa shukrani wa Beethoven unachukua zaidi ya robo saa, kwa hiyo kina Busch walilazimika kusimama katikati ya sala, kusubiri nta nyingine iwekwe tayari, kisha kuendelea kana kwamba hawakusimama. Aliyenunua sahani hizo alisimama pia, akainuka kitini, akageuza sahani, akabadilisha sindano. Leo fundi huziunganisha pande hizo ziwe mkondo mmoja, na kazi hiyo ina mtego ambao sikuujua mpaka nilipoanza kuutegea sikio. Mfereji unapokaribia katikati ya sahani, mduara unakuwa mdogo wakati mizunguko kwa dakika haibadiliki. Urefu wa mfereji unaopita chini ya sindano kila sekunde unapungua, na sauti nyembamba za juu hufifia. Upande huisha ukiwa na giza kidogo, na upande unaofuata huanza ukingoni, ukiwa na mwanga. Muunganisho uliofanywa kwa haraka unasikika kama pazia lililofunguliwa ghafla: noti ni ile inayotakiwa, lakini chumba kimebadilika. Fundi makini huirejesha nuru hatua kwa hatua katika dakika ya mwisho ya upande mmoja, na huutuliza mwanzo wa upande wa pili, mpaka msikilizaji asijue pazia lilikuwa wapi. Nimewahi kusikiliza unganisho moja mara sita mfululizo nikilitafuta, nikashindwa.

Ndipo huja kompyuta. Programu za kuondoa kutatarika hutafuta vilele vikali vya sauti vinavyodumu sehemu ndogo mno ya sekunde, huvikata, na kuziba pengo kwa kukisia kutoka kwenye sauti za kabla na za baada. Zikisimamiwa vizuri hufanya maajabu. Lakini mpigaji anapodonoa uzi kwa kidole, mwanzo wa noti yake nao ni kilele kikali kinachodumu sehemu ndogo mno ya sekunde, na programu iliyoachiwa huru haiwezi kutofautisha kidole na mkwaruzo. Matokeo yake ni noti zilizodonolewa kwa kidole kilichovishwa glavu. Hata upinde una mwanzo wake wa aina hiyo: nywele zilizopakwa ulimbo hung'ata uzi kabla uzi haujaanza kuimba, na mng'ato huo ndio unaotuwezesha kujua kwamba wapigaji wawili wameanza pamoja kabisa, au kwamba mmoja amemsubiri mwenzake kwa kusudi.

Mvumo wenyewe hushughulikiwa kwa njia nyingine. Fundi huchukua sampuli ya sekunde chache ambapo sahani inazunguka na muziki haujaanza, na programu hujifunza sura ya kelele hiyo na kuipunguza kote inapoikuta. Noti inaposikika kwa nguvu, njia hii haina hatari kubwa. Noti inapokufa, kuna wakati inashuka chini ya kiwango cha mvumo, na sikio la binadamu bado linaifuata humo ndani, kwa sababu sikio lina kumbukumbu na linajua noti ilikuwa inaelekea wapi. Programu haina kumbukumbu ya namna hiyo. Inafuta vyote viwili. Mlango unafungwa. Zile sauti za kimajimaji nilizozisikia katika toleo langu la kwanza ni mabaki ya ufutaji huo, vipande vya mvumo vilivyopona hapa na pale na kuanza kulia kama vinoti vyenyewe.

Kwa hiyo kazi nzuri ni ya kujizuia. Siku hizi nasoma jina la fundi kwenye maelezo ya toleo kwa makini yale yale ninayosomea majina ya wapigaji. Ward Marston, Mmarekani asiyeona tangu utotoni, na Mark Obert-Thorn, Mmarekani mwenzake, wametumia miaka mingi wakihamisha sauti za sahani za kale kwenye matoleo mapya, na katika kazi zao nyingi nimekuta mvumo kidogo ulioachwa kwa makusudi, kama vumbi jembamba linaloachwa juu ya mchoro wa kale ili rangi isichubuke. Nawaamini zaidi watu wa namna hiyo kuliko wale wanaotuahidi kwamba rekodi ya 1928 itasikika kama ya jana. Ahadi hiyo ilikwisha kujaribiwa. Katika miaka ya 1960 rekodi nyingi za mono, yaani za mkondo mmoja wa sauti, zilitolewa upya zikiwa zimegawanywa kielektroniki ili zionekane za stereo, yenye mikondo miwili, kushoto na kulia, na nyingine zikaogeshwa katika mwangwi wa kubuni. Trio zilizokuwa zimekaa karibu na msikilizaji zikahamishiwa kwenye ukumbi usiokuwapo. Sijawahi kusikia hata moja ya hizo ikinigusa.

Kuhusu mafaili makubwa ya dijitali yanayotangazwa kuwa ya ubora wa juu, neno langu ni fupi. Sidii ya kawaida huchukua sampuli, yaani vipimo vya sauti, 44,100 kwa sekunde, na hiyo inatosha kabisa kubeba kila kitu kilichomo kwenye sahani ya sheleki, ambayo haina muziki wowote wa maana juu ya masafa ambayo sidii inayafikia kwa urahisi. Sampuli 96,000 kwa sekunde humsaidia fundi anapokuwa kazini, kwa kuwa programu zake hutambua mikwaruzo kwa usahihi zaidi. Msikilizaji asihangaike nazo. Atafute fundi mzuri kwanza.

Kazi hii ikifanywa vizuri, kinachorudi ni zaidi ya sauti nzuri. Hurudi desturi za upigaji zilizokwisha kutoweka. Alfred Cortot kwenye piano, Jacques Thibaud kwenye fidla na Pablo Casals kwenye selo walirekodi London trio ya mtunzi Schubert katika ufunguo wa B bemoli mwaka 1926, na ile ya Beethoven iitwayo Archduke mwaka 1928. Katika matoleo mabovu nilikuwa nasikia fidla inayoyumba. Katika toleo lililosafishwa kwa uangalifu nilisikia kwamba Thibaud anatelezesha kidole kutoka noti moja kwenda nyingine, kwa kukusudia, mara nyingine kwa kasi na mara nyingine kwa uvivu mtamu, na kwamba Casals anayajibu mateleza hayo kwa namna yake, kwa uchache na uzito zaidi. Cortot naye huacha mkono wa kulia uchelewe kidogo nyuma ya wa kushoto, kama mtu anayetafuta neno analolijua. Wapigaji wengi wa leo wamefundishwa kuyaepuka mambo haya. Ninayapenda, na nafurahi kwamba ushahidi wake haukusafishwa pamoja na kelele, maana mteleza wa kidole ni sauti dhaifu inayokaa katikati ya noti mbili, mahali pale pale ambapo mikia hukatwa.

Mwaka 1952, katika mji mdogo wa Prades kusini mwa Ufaransa, ambako Casals aliishi uhamishoni kwa kuupinga utawala wa dikteta Franco katika Hispania, ilirekodiwa kwinteti ya Schubert yenye selo mbili, kazi aliyoitunga mwaka 1828, mwaka aliofariki akiwa na umri wa miaka 31. Isaac Stern na Alexander Schneider walipiga fidla, Milton Katims viola, na Casals na Paul Tortelier selo. Hapa tumekwisha kutoka kwenye sheleki. Hii ilirekodiwa kwenye mkanda wa sumaku, na matatizo yake ni mengine. Mkanda ukikaa miaka mingi umeviringishwa, sumaku ya safu moja huambukiza safu inayoigusa, na noti kubwa husikika kama kivuli kabla haijapigwa. Upo pia mvumo wa mkanda, mwembamba na wa juu kuliko ule wa sahani. Na yupo Casals, aliyekuwa na desturi ya kuguna anapopiga. Katika rekodi hii anaguna waziwazi, pumzi nzito ya mzee wa miaka zaidi ya 70 anayevuta upinde kwa mwili mzima, na kila toleo jipya lililo wazi zaidi linatuletea miguno hiyo karibu zaidi. Wapo wasikilizaji wanaotamani ingefutwa. Nawaelewa, lakini mimi nisingevumilia kufutwa hata mmoja. Mara nyingi mguno unatangulia noti, na unaniambia jinsi noti hiyo ilivyotoka mbali.

Sehemu ya pili ya kwinteti hiyo ndiyo ninayoitumia kuonja kila rimasta mpya. Vyombo vitatu vya katikati vinashikilia wimbo mrefu usiokuwa na haraka yoyote, fidla ya kwanza inadondosha vifungu vifupi kutoka juu, na chini kabisa selo ya pili inadonoa. Noti iliyodonolewa haina upinde wa kuishikilia. Kidole kikishaachia uzi, kilichobaki chote ni mkia. Jana usiku niliketi gizani nikiwa na hedifoni, nikafungua toleo nililolipata juzi, na sikusikiliza wimbo. Nilimsikiliza Tortelier peke yake. Noti ya kwanza ilikuwa na kidole ndani yake, nyama na uzi. Ilitanda chini ya wenzake watatu, ikapungua, ikaingia kwenye mvumo wa mkanda, na humo ndani niliendelea kuifuata, ikiwa mbali na bado ipo, mpaka kidole kilipogusa uzi wa noti iliyofuata.